Siku Bibi Aliposema Tumponde Mtukutu

Sisi tuliokulia Pasiansi, kando ya ziwa, kabla mawe hayajazungushiwa kuta za matofali tunajua jua la ukame lilivyokuwa. Mwaka ninaousimulia, mahindi ya mama yalikauka yakiwa marefu kama magoti yetu, na ziwa lilirudi nyuma hadi tukawa tunacheza rede mahali ambapo zamani watu walioga. Kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi, isipokuwa kichaka kimoja nyuma ya nyumba, kwenye mpaka wetu na Mwalimu Kulwa. Chenyewe kilibaki kijani tu, kimejaa vijiua vyeupe na nyuki. Mbuzi walikionja mara moja wakaondoka wakitikisa vichwa, kwa uchungu.

Ndipo nikaugua homa. Bibi mzaa mama alikuwa amekuja na meli kutoka Bukoba kututembelea. Aliponiona natetemeka juu ya mkeka, alisimama mlangoni akakitazama kile kichaka.

"Kwetu huu ni mubilizi," alisema. "Nyie Waswahili mnauitaje?"

Mwalimu Kulwa akajibu kutoka upande wake, "Shikamoo mama. Kwa Kiswahili ni mtukutu."

Bibi akafurahi kupata neno jipya, akalitumia papo hapo, kwa Kiswahili chake cha Kihaya kisichojali ngeli: "Haya, mkateni huyo mtukutu! Mpondeni kwenye kinu, mkamueni mpaka atoe maji yote!"

Sasa, mdogo wangu Masanja ndiye aliyekuwa mtukutu wa nyumba. Mama alimwita hivyo kila siku, hata majirani. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amevunja mtungi wa maji ya kunywa, maji yaliyotafutwa kwa shida. Alisikia maneno ya bibi, akaona mama anachukua panga, akatoweka.

Mama akaliacha panga kabla hajakata hata tawi, wakamtafuta kwenye mawe, kwa majirani, kisha ufukweni, na hapo mama akaanza kulia, maana wakati huo mamba walisogea karibu na watu. Mimi nililala pale na homa yangu, sielewi kwa nini watu wanaliita jina la Masanja kuelekea majini. Jioni Mwalimu Kulwa akasema, angalau mtoto mgonjwa apate dawa yake. Akaenda kukata matawi. Panga lilipogusa tawi la kwanza, kichaka kikapiga yowe: "Msiniponde! Sirudii tena!"

Pale ndani, mahali pekee penye majani ya kumficha mtu, Masanja alikuwa amejikunyata mchana kutwa. Mama alimkumbatia, akamchapa, akamkumbatia tena. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake mama alinipeleka zahanati nikapewa vidonge, na hadi leo sijui kilichoniponya ni vidonge au yale maji ya mtukutu niliyonyweshwa usiku ule.

Mwezi uliopita niliwasimulia wanangu. Badala ya kucheka, wakaiuliza simu, ikawaambia mmea huo ni wa ukoo mmoja na alizeti. Wakaridhika, wakaendelea kujipiga picha. Watoto wa siku hizi hawajawahi kuogopa kupondwa.

Nikampigia Masanja, anaishi Buzuruga, ili acheke yeye.

"Kaka, unachanganya. Mgonjwa nilikuwa mimi. Wewe ndiye uliyejificha."

"Mimi? Mtungi nani alivunja?"

"Wewe. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, nakumbuka hata baridi yake."

Tulibishana mpaka salio likaisha. Tangu hapo nikifumba macho najiona juu ya mkeka, kisha najiona nimechuchumaa kati ya majani, nyuki wananizunguka, na kumbukumbu zote mbili ziko wazi sawasawa. Wanangu wana picha ya kila uji waliokunywa. Sisi hatukupigwa picha. Tulikuwa na mama wa kutuambia nani alifanya nini, na tulimzika kabla hatujamuuliza.