Kiti cha Mgeni, Kasikeu

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, cha kijani, mguu mmoja umefungwa waya, na mimi nilikichukia kwa moyo wangu wote. Popote nilipokwenda Kasikeu kilinifuata. Nikienda kwenye matanga, kiti. Nikienda kumsalimia aliyejifungua, kiti. Wenzangu wanakaa chini kwenye nyasi, miguu wameinyoosha, wanasuka viondo na kusengenya kwa raha zao, na mimi niko juu peke yangu kama jaji, kikombe cha chai ya maziwa mkononi.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanzania. Huku nililetwa na ndoa. Mume wangu ni fundi wa malori kule Kibwezi, hurudi nyumbani mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingine zote nilikuwa na mbuzi wangu na majirani. Majirani walinipenda, hilo sina shaka nalo. Waliniita mueni, ndiyo mgeni kwa Kikamba, na Kiswahili changu kiliwafurahisha kupita kiasi. Nikisema tu "niwieni radhi," mtu ataniomba nirudie, kisha wacheke mpaka wajifute machozi.

Tatizo lilikuwa shamba. Shamba letu liko mteremkoni, na mvua ya kwanza iliyonikuta pale ilishuka na udongo wote wa juu pamoja na ndengu nilizopanda kwa mikono yangu. Baadaye nilizikuta zimeota vizuri kabisa, zimestawi, mpakani kwa jirani wa chini. Nililia kwa hasira. Kwetu ukitema mbegu ya chungwa uani, unapata mchungwa. Sikuwahi kuishi na udongo unaohama.

Dawa yake kila mtu aliijua: mitaro ya kukinga maji, inayokata mteremko. Kazi hiyo haiwezwi na mtu mmoja. Huku huchimbwa na mwethya, yaani kikundi cha akina mama wanaofanya kazi pamoja, leo shambani kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ukichimba kwa wenzako, zamu yako itafika. Usipochimba, huna zamu. Na mgeni hachimbi.

Nilijaribu. Nilikwenda na jembe begani, likapokelewa kwa heshima, likaegemezwa mtini, nikaletewa kiti. "Kaa tu hapo, mama, upumzike," akaniambia jirani yangu wa juu, mama mmoja mzee, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi. Nikamuuliza, kwangu watakuja lini? Akafurahi sana. "Tutakuja, mueni wetu! Tutakuja kukusalimia."

Na kweli walikuja, wamevaa nguo za kanisani, wameniletea unga na sukari. Wakaomba, wakaimba, wakanywa chai, wakapita katikati ya shamba langu lililochanika makorongo, wakaenda zao. Mume wangu nilipomlalamikia alisema nisiwe na haraka, watu wananiheshimu. Nikamwambia heshima haizuii udongo. Mvua za mwishoni mwa mwaka zilikuwa zinakaribia, na zikishuka tena kama zile za mwanzo, ningebaki nalima mawe.

Kwa hiyo siku iliyofuata ya mwethya, zamu ikiwa ya yule mama mzee mwenyewe, niliamka mapema nikawahi kufika kabla ya mtu yeyote. Mtaro ulikuwa umeshapimwa na kutiwa alama kwa vijiti. Nikavua viatu, nikaanza. Nilichimba kama mwendawazimu, udongo nikiurusha chini mteremkoni, ambako unakwenda wenyewe bila kumsumbua mtu. Nilijiona hodari kweli. Walipofika nilikuwa nimeloa jasho, nimemaliza kipande kirefu, nikasimama wima nikingoja kusifiwa.

Hakuna aliyenisifu. Yule mama aliangalia mtaro, akaangalia udongo, akashika kiuno.

"Wewe! Nani amekuambia urushe mchanga huko chini?"

"Mwaitu, nilidhani..." Mwaitu ni mama, ndivyo nilivyomwita siku zote.

"Ulidhani nini? Mchanga inarushwa juu! Juu! Inakuwa ukuta, maji ikikuja inasimama. Sasa wewe umepatia mvua barabara ya kupitia. Unataka shamba yangu iende Kibwezi?"

Miezi yote nilikuwa nimekaa kwenye kiti chao kivulini, nikinywa chai, bila hata kutazama udongo unakwenda upande gani. Nikaangalia huku na huku. Kiti hakikuonekana. Hakuna aliyekikimbilia, hakuna aliyesema mama pumzika. Mama mzee alinitupia koleo miguuni.

"Rudisha yote. Na ufanye haraka, jua haikungojei."

Nikaurudisha. Kuurusha udongo juu ya kichwa chako si mchezo; nusu yake inarudi machoni. Viganja vilitoka malengelenge, mgongo ukakataa, na akina mama waliokuwa kando yangu walinicheka bila huruma na kunisahihisha kwa Kikamba, kwa kasi, kama vile nimezaliwa pale. Katikati ya vumbi lile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nivuke mpaka. Mchana tulikula isyo, mahindi na maharagwe, na mimi nilikula nimekaa chini.

Zamu yangu ilifika wingu likiwa limeshaanza kujikusanya. Walikuja na majembe, nguo kuukuu, na malalamiko: chai yangu imechelewa, jembe langu butu, kwa nini nimeacha magugu yafike hapa. Tulichimba. Ukuta wa kwanza ulikuwa umesimama, na mimi niko mtaroni mpaka magoti, nilipomwona mdogo wangu anapanda mteremko na begi kichwani. Alikuwa ameniahidi kuja kutoka Muheza, ila sikumtarajia siku ile. Nilipiga kelele. Tulikumbatiana na matope yangu yote.

Akatua begi, akakunja mikono ya gauni, akainama kuokota jembe.

"Wewe!" Mama mzee aliniita kutoka juu. "Unaangalia tu? Letea mgeni kiti!"

Nikakimbia. Naapa sikufikiri. Nilikwenda mbio nyumbani, nikakitoa kile cha kijani, nikakifuta vumbi kwa kanga, nikakiweka kivulini na kumpokonya mdogo wangu jembe.

Akanitazama. "Dada, leo mimi mgeni kwako?"

Huyu nimemlea, nimembeba mgongoni. Usoni kwake niliona hasira ambayo niliijua vizuri kuliko mtu yeyote mteremkoni pale. Nyuma yangu koleo zilikuwa zinalia, na kipande changu cha mtaro kilikuwa kinanisubiri.

"Kaa tu hapo, mdogo wangu," nikamwambia, "upumzike."