Kitenge cha Kaisari

Kigelegele kile cha Jumapili hakikutoka masikioni mwa Jérémie. Kilipaa kutoka viti vya nyuma wakati yeye, amejifunga shuka jekundu la Kaisari Nero, alipoamuru jukwaani Roma ichomwe moto. Kisha akina mama wa parokia wakasimama, wakatandaza vitenge mbele yake, kama wanavyowatandazia wakubwa wote wanaoingia mjini Baraka.

Jérémie ni fundi pikipiki hapo sokoni. Nyumba ya mama yake, Pulchérie, upande wa Lulimba, iliteketezwa na watu wenye bunduki, na tangu hapo mama hajaizungumzia hata kidogo. Jérémie alikubali kuwa Nero kwa sababu hiyo tu: mama aketi, amtazame mchomaji usoni, amchukie waziwazi.

“Nipe maneno mabaya zaidi,” alimwambia Arlette, mwalimu anayeongoza kikundi cha mchezo.

“We iko muzuri hivyo. Batu banakupenda.”

“Ndiyo shida. Banapenda nini? Ninachoma muji.”

“Sokoni banakuita Kaisari sasa. Furahi, kaka. Zamani balikuita Mafuta-Machafu.”

Jumapili iliyofuata alinguruma. Alimpiga teke mfungwa, akacheka juu ya majivu. Kadiri alivyozidi ukatili, ndivyo makofi yalivyozidi. Mama mmoja alipanda jukwaani akamfuta jasho kwa leso yake. “Pole na kazi, mukubwa,” akasema, na ukumbi ukacheka.

Jérémie alitamani kulitupa lile taji la bati. Hakuwa na wa kumkasirikia. Mikono ile iliyompigia makofi ilijifunza zamani: wenye bunduki wakiingia kijijini, asiyepiga makofi ndiye anayeonekana.

Ndipo katika safu ya pili akainuka Pulchérie. Alifungua kitenge chake cha juu, akakitandaza miguuni pa mwanawe, akainamisha macho.

“Pita, mukubwa,” alisema. Hakuwa akitania.

Nyuma ya pazia Arlette alinong’ona maneno yanayofuata, mara ya kwanza, mara ya pili. Jérémie hakuyachukua. Alichutama, akakiokota kitenge, akakikung’uta vumbi, akakirudisha mabegani mwa mama yake. Akasogea karibu mpaka taji likagusa kilemba chake, akasema, bado akiwa Nero, kwa sauti ambayo hata safu ya kwanza haikuisikia:

“Usinitandikie, mama. Ni mi nilichoma nyumba yako.”