Unga Uliopaa

Mkuu wa maabara alimsingizia mama mfagiaji kwamba amefagia mirija yake ya kaboni. Mama anamjua mtu huyo: hasemi maneno matatu bila kuvua miwani na kuipuliza vumbi. "Unga huu mweusi," huwaambia wageni, "ni mirija myembamba kuliko unywele, imara kushinda chuma, na umeme unapita humo kama maji." Siku ile alifungua kichupa, akapuliza miwani, unga wote ukapaa. Wenzake walipokuja kuuliza, akanyoosha kidole mlangoni. "Muulizeni huyo mama na ufagio wake!" Wakacheka. Tangu hapo anapuliza miwani akiwa ameipa meza mgongo. Anajua, basi. Bado mama anamdai maneno matatu, mbele ya walewale waliocheka: "Mama, nilipuliza mimi."