Siku Niliyopunguza Oili ya Gari la Harusi

Wewe unayesoma, vuta kiti ukae, maana jambo hili nikilisimulia nimesimama huwa natamani kukimbia. Aibu niliyoipata njia ya kwenda kijijini Kate haijanitoka mpaka leo, na kila nikisikia vigelegele vya harusi shingo yangu inapata joto. Cheka ukitaka, ila nisikilize mpaka mwisho, huenda na wewe una gari.

Ilikuwa enzi za ruksa, magari yaliyotumika ya Japani yameanza kufika Sumbawanga, na mimi nilikuwa fundi wa malori, mikono yangu imezoea gia za kuchomeka kwa nguvu na klachi za kukanyaga mpaka goti linauma. Sasa Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Usukumani, akauza ng'ombe akanunua jipu kuukuu la otomatiki, akaniletea gereji. Nilichungulia chini ya usukani nikitafuta pedali ya klachi, sikuiona, nikajifanya nakagua zulia.

"Fundi, linachelewa kubadilisha gia," akasema. "Linalia weee, halafu ndipo linarukia gia ya pili kama ndama aliyechapwa. Na kesho nampeleka binti yangu Kabula kanisani Kate. Padri akimaliza misa anateremka Wampembe, kule ziwani, na kwa mvua hizi hapandi tena mpaka masika iishe. Tukimkosa, hakuna ndoa."

"Mzee, nenda kalale usingizi," nikamjibu.

Ningesema "sijui" pale, neno dogo tu, nisingekuwa na cha kukusimulia. Badala yake nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, injini ikiwa imezimwa, kama nilivyozoea kupima oili ya injini za malori, nikakuta oili imevuka alama ya juu kabisa. Nikatabasamu kama daktari. "Imezidi," nikatangaza, "ndiyo maana inakuwa nzito." Nikaingia chini ya gari, nikalegeza nati, nikaimwaga mpaka kijiti kikasoma pale nilipopenda mimi.

Gerejini alikuwepo Mzee Sikazwe, mkulima wa huko Kate, ameleta ulezi mjini na anasubiri lori la kurudi. Akaitazama ile oili nyekundu kwenye beseni.

"Mwanangu, kitu kizuri hivi unakimwaga? Mkokoteni wangu unalia mpaka ng'ombe wanaona aibu."

"Chukua, mzee wangu, upake." Nikamjazia dumu lake kwa moyo mweupe (sijawahi kuwa mkarimu namna ile, na sijui kwa nini nilichagua siku ile). Jipu nikalizungusha mjini polepole, kwenye tambarare, likaenda vizuri tu, likanidanganya.

Kesho yake nikavaa tai. Mzee Masanja alisema aliyelitengeneza ndiye aliendeshe, ni heshima hiyo, basi nikakaa kwenye usukani, baba mtu pembeni yangu, Kabula nyuma na gauni lake jeupe, na shangazi yake Mbuke akipiga vigelegele kila tukipita nyumba ya watu. Mwendo ulikuwa mzuri mpaka tulipokaribia Kate, kwenye mlima mmoja wenye tope. Injini ikaanza kunguruma, nikakanyaga mafuta, ikanguruma zaidi, na gari likawa linapunguza mwendo, likasimama, halafu taratibu likaanza kurudi nyuma. Vigelegele vikakatika.

"Fundi," akasema Shangazi Mbuke, "masikio yangu yanasikia tunakwenda, mbona macho yangu yanaona kichaka kilekile?"

Nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikachomoa kile kijiti, safari hii injini ikiwa inaunguruma. Kikavu, kinanuka maharage yaliyoungua. Hapo nikaelewa. Nikueleze polepole, maana si jambo gumu: otomatiki haina klachi ya kukanyaga, oili ndiyo mguu wake. Injini ikizimwa, sehemu ya oili inarudi chini, kijiti kinalowa kupita alama; injini ikiwaka, oili inapanda kwenda kazini. Mimi nilihesabu watu usiku, wote wakiwa wamelala ndani, nikasema nyumba imejaa, nikafukuza nusu, na asubuhi shamba likakosa wa kulima.

Tukiwa tumesimama hivyo, Kabula amekunja gauni lisiguse tope, ukatokea mkokoteni wa ng'ombe nyuma yetu. Kwetu mkokoteni unausikia kabla hujauona, lakini huu ulikuja kimya kabisa, ukateleza kama uko juu ya nyasi. Nikajua ni wa nani kabla sijamwangalia usoni.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Ile oili… imebaki?"

"Marahaba, mwanangu! Ibaki wapi? Nimepaka ekseli, nimempa shemeji yangu naye kapaka wake, tone la mwisho mama watoto kapaka bawaba za mlango."

Mzee Masanja alikuwa anatusikiliza. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Alisema tu, "Niliuza ng'ombe ili binti yangu asiende kanisani na ng'ombe."

"Baba, padri anaondoka," akasema Kabula, akatandika kanga juu ya mbao, akapanda. Mkokoteni ukaondoka, nami nikafuata nyuma kwa miguu, tai shingoni.

Tulimkuta padri anafunga begi lake, bwana harusi akimsihi asubiri. Akalifungua tena, ndoa ikafungwa, na moyo wangu ukaanza kutulia, nikidhani nitajificha nyuma ya wanakwaya. Tulipotoka nje ndipo Mzee Sikazwe, kwa nia njema kabisa, akanishika mkono mbele ya kanisa zima.

"Jamani, fundi aliyenipa oili ndiye huyu! Alifungua gari la harusi akaitoa! Njooni msikie mkokoteni ulivyo kimya!"

Akausukuma huku na huko, wala haukulia. Watu walicheka mpaka bibi harusi akajifunika uso kwa shela. Wenye mikokoteni wengine wakanizunguka: "Fundi, lini unafungua gari jingine?"

Jipu lilipona baada ya kujazwa oili mpya. (Ugonjwa wake wa mwanzo nilikuja kuuona baadaye: kebo inayotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda giaboksi ilikazwa kupita kiasi. Ni kulegeza tu kidogo kwa spana.)

Basi wewe usipite nilipopita mimi, na wala usiogope, utaweza. Simamisha jipu lako pa tambarare baada ya kuliendesha likapata moto. Acha injini iungurume, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia taratibu kila mahali, urudishe kwenye P, ile ya kuegesha. Chomoa kijiti, kifute, kichomeke mpaka mwisho, kichomoe tena, usome. Na kama kinasema oili inatosha, weka spana chini.