Usingizi wa Sibomana Siku ya Posa

Sibomana alioka mikate mtaani Biryogo miaka thelathini, na moshi wa tanuri la kuni ukamla mapafu. Kufikia mwaka 1992 hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi, na hata hivyo pumzi ilikuwa ikimkatika usingizini. Binti yake Ingabire alikaa kando. Kimya kikizidi alimgusa bega, mzee akashtuka, akavuta hewa, akamtukana kidogo, akalala tena. Mganga wa zahanati alikuja akawaonya wote nyumbani: asipewe dawa ya usingizi hata nusu kidonge, kwani akilala mno mwili utasahau kupumua.

Kankindi, dada yake Sibomana, alisikia vizuri. Mimi jirani yao nilikuwepo, nilimwona akiitikia.

Siku ya posa ya Ingabire tulikuwa jikoni sisi wawili. Kankindi akasaga vidonge viwili, akavitia kwenye chai ya maziwa.

"Shangazi, mganga alikataza," nikasema.

"Wakwe iko njiani. Wakimusikia anakohoa watasema tuko na kifua kikuu, watarudi kwao. Rero, basi, alale kidogo tu. Wewe menya ndizi."

Nikamenya ndizi. Mungu anisamehe, nilimenya zote.

Sibomana alikuwa amekwisha kunyoa ndevu na kuvaa koti, amtoe mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Aliinywa chai yote, akashukuru. Ndiyo, alishukuru! Usingizi ulipomchukua, Kankindi na vijana wa nyumbani walimlaza chali chumba cha nyuma, wakafunga mlango. Ingabire alikuwa kwangu akipambwa; aliambiwa baba anapumzika.

Wageni walikuja, wakanywa fanta, wakasifu utulivu wa nyumba. Kisha msemaji wao akasimama: wanaomba kumsikia mzazi mwenyewe kama ametoa binti.

Kankindi akaenda nyuma, nami nikamfuata. Sibomana alikuwa ameachama, midomo rangi ya majivu, mkono wa baridi. Dadake alimwangalia kidogo, akamfunika hadi kidevuni, akajifuta uso kwa kitenge, akarudi barazani. Nilimchukia sana, na bado nilirudi nyuma yake nimefunga mdomo.

"Muzee wetu iko lala," aliwaambia wakwe akitabasamu. "Lakini nimemuuliza. Amekubali."

Wakapiga makofi, wakamwita bibi harusi. Alipopita karibu nami, macho yakimng'aa, Ingabire alinishika mkono akaniuliza baba amesema maneno gani hasa.

Nikamwambia amembariki.