Mbuzi wa Ruracio Walikufa, na Najua Nani Aliwaua

Admin, nifiche jina kabisa, watu wa Kiritiri wanashinda kwa hii page kuliko kanisani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimepanga Majengo hapa Meru, na kazi yangu ni kuongea. Yaani nalipwa kuongea. Makampuni ya minara ya simu, ya sola na ya mabasi ya umeme yameungana, na betri zao kubwa zilizochoka zinaletwa stoo moja. Zenye bado zina nguvu zinaenda kuwashia zahanati taa. Zilizokufa zinapelekwa kiwandani, madini ya risasi yaliyo ndani yayeyushwe yatumike tena. Mimi ndiye napita sokoni na spika nikiomba wananchi walete na zao, na kila mara naanza hivi: "Msimwage maji ya betri, hiyo ni sumu!"

Haya, sikieni sasa.

Wakubwa wa hayo makampuni walikuwa wanakuja Kiritiri, kwetu, kupokea betri. Mimi na kiherehere changu nikataka mama yangu awe wa kwanza kupigwa picha nao. Marehemu baba alituachia betri za mnara nyuma ya nyumba, alikuwa anawashia taa nazo. Nikatuma mtu wa boda azibebe, akakataa, ati maji yake yalishamchoma suruali siku nyingine. Mama akanipigia simu. Nikamwambia, kwa mdomo huu huu, "Mama, si umwage tu hapo nyuma ya zizi, halafu usuuze. Nani ataona?" Akamwaga, na lile tope la kijivu la ndani, lenye risasi, likatoka lote. Betri zikabebwa zikiwa tupu, na picha ilikuwa safi sana.

Sasa mbuzi wa huku kwetu kwa ukame, wakipata udongo wenye chumvi chumvi wanalamba. Nimezaliwa hapo, nimewachunga, na bado sikufikiria! Waliolamba ni wale mama alikuwa amewatenga kwa ruracio, yaani mahari, ya ndugu yangu Njeru. Wakaanza kusaga meno, wakawa wanagonga kichwa kwa ukuta kama vipofu, wakaisha. Mama akinieleza kwa simu nilijua papo hapo, maana hizo dalili tulifundishwa kazini. Nikasema, "Pole mama," nikakata.

Njeru alikuwa amuoe Wanjira, binti ya jirani yetu Mzee Nyaga. Huyo mzee hajawahi kuficha kwamba yeye hamtaki Njeru. Basi kijiji kizima kikasema ni yeye amewawekea sumu ili ruracio isifike kwake. Wazee wa ukoo wakamwambia ale kiapo. Mzee Nyaga ni mtu wa kanisa, akawajibu, "Mbuzi sikuwagusa, lakini kuapa siapi, imani yangu hairuhusu." Hapo ndipo alijimaliza, kwa sababu kwetu mtu akikwepa kiapo watu hawaulizi tena. Njeru ameshamwacha Wanjira. Msichana akanipigia akilia, "Dada, wewe wanakusikiliza. Waambie baba hawezi kufanya hivyo." Nikamjibu, "Nitaona." Nitaona! Jamani, mimi ni mtu wa aina gani?

Nilienda nyumbani, nikazungushia pale nyuma ya zizi miiba na kumwambia mama nimeona nyoka. Akanishukuru. Akanipikia muthokoi, nikaaga kabla haujaiva.

Nikisema ukweli, kazi imeenda. Na watu watasema, "Si mliona, hata wenyewe wanamwaga," na hakuna mtu atatuletea betri tena, watazimwaga mashambani na mitoni. Halafu kuna mama. Alimwaga kwa mikono yake akimwamini mtoto wake aliyesoma, na nikimwambia, sijui kama atalala tena. Lakini nikinyamaza, wazee wa ukoo watamfukuza Mzee Nyaga kwa ardhi alikozaliwa, na Wanjira atabaki na jina la binti ya mwenye sumu. Usingizi sina. Nikishika ile spika sokoni, yale maneno ya sumu nayaruka.

Ukoo unakutana Jumamosi. Na kwa vile mimi ndiye najua kuongea, familia imenichagua nisimame mbele ya watu, nimshtaki Mzee Nyaga kwa niaba yetu.

Nitukaneni kama mnataka, najua inanifaa, lakini mkimaliza mniambie. Nikisimama hapo, na mama ameketi ananiangalia, neno la kwanza litoke lipi?