Jina la Baba Mkwe

Nyumba yetu ya Katubuka, hapa Kigoma mjini, haikuwa na asubuhi. Kabla sijabandika maji ya chai, benchi la uani lilikuwa limeshajaa watu, na wengine wamekaa kwenye msingi wa chumba ambacho mume wangu alianza kukijenga kabla hajawa diwani na mpaka leo hajakimaliza. Alikuwa diwani wa upinzani. Watu wa mbali wakisikia diwani hudhani ni mtu mwenye gari na fungu la kugawa. Huyu wangu alikuwa na pikipiki inayowaka ikijisikia, simu isiyonyamaza na mke anayenuna. Kazi ya kununa niliifanya mwenyewe, na niliifanya vizuri.

Waliokuja walileta kila kitu. Bomba la mtaa limekauka. Mvua imekula barabara. Ziwa limefungwa ili samaki wapumzike, na wavuvi wanataka kujua wao watapumzikia wapi na watoto hawajala. Mume wangu aliyabeba hayo kwenye vikao vya madiwani, akasimama, akasema, akaketi, na wenzake waliokuwa wengi wakapitisha walichokuja wamekwisha kukubaliana. Akirudi namuuliza, "Leo umewashinda?" Ananijibu, "Leo wamenisikiliza." Nilikuwa namcheka. Ilifika siku sikuwa na hamu tena ya kumcheka.

Kitu alichokiweza kweli ni kusindikiza watu. Aliamini kwamba mnyonge akiingia ofisini peke yake anaambiwa njoo kesho, lakini akiingia na mtu aliyenyoosha shati anapewa angalau kiti. Basi alinyoosha shati. Alikwenda na wajane mahakamani, na wazee kwenye mafao, na wanafunzi waliokosa majina yao kwenye orodha za shule. Mara nyingi hakusema neno, alikaa tu pembeni kama ndugu wa bibi harusi. Ukimwuliza siasa yake ni ipi, ilikuwa ndiyo hiyo.

Yule mama wa Kibirizi alikuja siku ya soko, jambo ambalo lilinishtua hata kabla hajafungua mdomo, maana mwanika dagaa haondoki mchangani siku ya soko mpaka awe na msiba. Nilimfahamu. Alikuwa ameolewa Simbo, kijiji nilichozaliwa, mumewe akafa mapema, naye akashuka Kibirizi, ufukoni mwa ziwa, na mtoto mgongoni, akaanza kuanika dagaa za watu, baadaye dagaa zake. Nilimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama," akaitikia kwa kichwa tu. Mikono yake ilinuka samaki na alikuwa anaificha ndani ya kitenge.

Mwanawe amekamatwa, alisema. Kulikuwa na msako wa wageni wasio na vibali pale mwaloni, boti zinaposhusha samaki, wakachukua vijana waliokosa kitambulisho. Wake alikuwa fundi wa injini za boti, mtu mzima, na alishaomba kitambulisho tangu zamani akawa anaambiwa asubiri namba. Walipomhoji, Kiswahili chake chenye Kiha ndani wakakisikia ni Kirundi. Kwetu lugha hizo mbili ni dada wa tumbo moja, na mgeni hawezi kuzitofautisha. Sasa ameshikiliwa na wenzake, na wanasema watapelekwa Burundi.

"Hajawahi kufika huko hata kwa kutembea," alisema. "Atashukia kwa nani?"

Mume wangu aliliuliza jambo hilo kwenye kikao cha madiwani. Akajibiwa kwamba uraia si hoja ya halmashauri, ni jambo la taifa, akae chini. Akampigia mbunge wa chama chake, mbunge wa mbali huko, akaahidiwa swali bungeni. Lakini alijua swali la bungeni halifungui mlango wa mahabusu. Kwa hiyo akawa anakwenda kwenye ofisi ya uhamiaji mwenyewe, asubuhi, shati limenyooshwa, anakaa. Alikaa mpaka wakamzoea. Wiki zilipita hivyo, mama akiuza kidogo na kupeleka chakula kwa mwanawe, mpaka siku moja mkubwa wa pale akamwambia haya, mlete mzazi wa kijana. Kijana ameshataja ukoo wake. Mzazi akitaja ukoo uleule bila kuambiwa, tutamwachia.

Alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu usiku wa kutangazwa matokeo. Nilimpikia migebuka wa ziwani. Tulikuwa na hakika, kwa sababu nani asiyejua ukoo wa mwanawe?

Mama aliomba niende naye, aone uso wa mwanamke mule ndani. Mume wangu alibaki kwenye korido. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa wa mbali, mwenye adabu. Alisimama, akasema, "Shikamoo mama," akamvutia kiti. Nayasema haya kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kumchukia, na nimejaribu.

Akaanza kuuliza. Mama amezaliwa wapi, ameolewa wapi, mumewe alikuwa akilima nini, kaburi lake liko upande gani wa kijiji. Mama alijibu yote bila kusita. Akataja mto, akataja shule, akamtaja hata mwalimu aliyekuwa akiwachapa watoto kwa kuchelewa. Kijana alikuwa anatabasamu, anaandika. Kisha akauliza, "Na baba yake huyo marehemu mumeo, anaitwa nani?"

Niligeuka kumtazama mama.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake. Hakuna mahali palipoandikwa, unakikuta kitu hicho kinywani mwa mama yako na wewe unakuwa nacho. Jina la babu yangu mzaa baba lilikuwa na mvua ndani yake, na mama yangu mpaka anaingia kaburini hakuwahi kutamka neno mvua kwa Kiha. Alisema yale maji ya juu. Hata mimi, niliyeolewa Ujiji kwa watu wasio na habari na mambo hayo, sijamtaja baba mkwe wangu. Mume wangu hunichokoza, ananiambia nimtaje anipe zawadi, na mdomo wangu unakataa wenyewe.

Mama aliinamisha kichwa. "Ni baba mkwe wangu," alisema.

"Najua, mama. Jina lake."

"Ni yule mzee aliyenipokea."

Kijana aliweka kalamu chini. Nikamweleza, nikamwambia hii ni mila ya Waha, si kwamba hajui. Akanisikiliza. Akasema, "Dada, kila anayekuja hapa ana mila. Mimi nahitaji jina tu." Nikamwomba basi alisome yeye jina alilolitaja yule fundi, mama aitikie kwa kichwa. Akasema hapo atakuwa amempa jibu, na kila mtu ataitikia. Nikasema aandike. Mama hakujua kuandika. Nikasema nimwite mume wangu. Akaja, akapiga magoti mbele ya yule mama wa mikono yenye harufu ya dagaa, diwani mzima, akamwambia, "Mama, sema mara moja tu. Mwanao yuko chumba cha nyuma hapo." Mama alimtazama kwa huruma, kama kwamba mwenye shida ni yeye. Kisha akafunga mdomo, na hakuufungua tena mle ndani.

Yule afisa aliandika kwamba mzazi hajui jina la babu. Nililiona neno hilo likiandikwa, kwa mwandiko mzuri.

Nje, kwenye ngazi, hasira zilinipanda. Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Nilimwuliza kama jina la maiti ni zito kuliko mwanawe aliye hai. Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Mwanangu, sasa hivi mwenye kumlinda huyu mtoto ni yeye babu yake. Nimtusi, halafu jioni nimwombe kwa mdomo upi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mle ndani sisi tulimwona anamwacha mwanawe. Yeye alikuwa amemshikilia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Mume wangu hakupoteza muda. Siku ileile aliwasha pikipiki kwenda Simbo kumtafuta shemeji wa mama, mdogo wa yule marehemu mumewe, kwa sababu mwanamume hazuiliwi kumtaja baba yake. Alimkuta shambani, akamsubiri aoge, akampakia. Walifika mjini kesho yake asubuhi, yule mzee amevaa koti la msibani ili aonekane mtu wa maana. Wakaambiwa gari limeshaondoka. Vijana wote wamepelekwa mpakani alfajiri. Mzee alilitaja jina pale kwenye korido, akalirudia, na likafanana kabisa na alilolitaja mtoto wa kaka yake. Wakamshukuru. Wakamwambia aandike maelezo, yapelekwe juu.

Yakaenda juu. Mume wangu aliyasindikiza kadiri miguu yake ilivyofika. Swali lilisomwa bungeni, na jibu likawa kwamba serikali inafuata taratibu. Tulikuwa tumewasha redio, mama wa Kibirizi na watu wa benchi wakiwa uani. Jibu lilikuwa fupi kiasi kwamba mtu mmoja aliuliza kama limeanza. Siku zile watu wa chama tawala mtaani walimtania mume wangu kwamba amekuwa diwani wa Warundi. Alikuwa anacheka nao barabarani, halafu akiingia ndani anakaa kitandani na viatu. Nililia kwa ajili yake zaidi ya mara moja, jikoni, maji yakichemka ili asisikie.

Mwanawe alikuwa akipiga simu kutoka Burundi kwa namba za watu. Alisema amepata kibarua cha kubeba mizigo, na huko nako wanamwita Mtanzania na kumcheka anavyotamka. Alimwuliza mama yake injini aliyoiacha nusu imemaliziwa na nani. Mama alinisimulia hayo akiwa anageuza dagaa kwenye wavu, na aliposema hilo la injini alicheka, kisha akaketi mchangani.

Halafu simu ikaja kutoka kwa mtu tusiyemjua. Kijana ameugua homa, hakuwa na mtu wa kumpeleka hospitali, na amefariki. Wenzake wa mizigo wamechanga, wanataka kumleta mpaka mpakani, lakini wanauliza kama Tanzania itampokea.

Tulikwenda mpakani mama, shemeji yake, mume wangu na mimi. Mume wangu alinyoosha shati lake. Njiani mama alikuwa dirishani, midomo yake inacheza, na mimi nikadhani anasali.

Ofisi ya pale ilikuwa na afisa mwingine, mwanamke wa makamo. Hatukuwahi hata kusalimiana naye. Mama alitupita, akasimama mbele ya meza na kulitaja lile jina. Alimtaja baba mkwe wake jina lote, la kwanza na la ukoo, kwa sauti ya kawaida tu. Baada yake akamtaja mumewe, na baada ya mumewe akamtaja mwanawe. Kisha akaanza upya kwa baba mkwe, taratibu zaidi, ili mwandishi asiachwe nyuma. Shemeji yake aligeukia ukutani. Mimi nilijifunika uso kwa mtandio, kwa aibu na kwa uchungu, sijui kipi kilitangulia.

Yule afisa alimsikiliza mpaka mwisho bila kushika kalamu.

"Pole sana, mama," alisema. "Maiti hatuiulizi hayo. Mwambieni dereva apite."